Kitambaa Namba Kumi na Saba

Bogna alikuja Machi, theluji ingali imejikunyata pembeni mwa ua,
kabeba begi la bafta nyeupe, vipande arubaini,
kila kimoja kina namba iliyodariziwa kwa uzi mwekundu.
Uzi wa poliesta, alisema,
ili jina libaki mwili ukienda.

Nikadhani anauza mashuka.
"Nataka kuzika," akasema.
Mimi ni mtunza ua huu mwaka wa ishirini na sita.
Nimezika njiwa. Nimezika paka wa mjane wa ghorofa ya tatu.
Nguo mpya sijapata kuizika.

Akazika.
Kimoja kando ya kituo cha tramu,
kimoja ukingoni mwa makaburi ya zamani,
kimoja nyuma ya shule, watoto wanakotupa vikonyo vya tufaha,
vingine sijui wapi, Łódź ni kubwa,
na cha kumi na saba kwangu,
kwenye kiraka changu mbele ya mlango
nikifagiacho kabla tramu ya kwanza haijalia.
Sitaki jani. Sitaki gugu.
Baridi ikija nakipa chumvi, joto likija nakipa dawa,
mdudu akipita hapo
anapita kwa adabu.

Leokadia wa dirisha la chini,
miaka thelathini na moja kwenye mitambo ya pamba,
sikio lake la kushoto lilibaki kule kwenye kelele,
alimwita Bogna: "Mwanangu, nani anafuma huko chini?"
"Wanafumua, bibi."
"Ah," akasema. "Hiyo nayo kazi."

Mei ikaisha. Wakafukua.
Bogna akafunga kamba ukuta hadi ukuta, kama siku ya kufua,
akavitundika vyote arubaini bila kuvisuuza,
nyuma yake akaweka taa,
usiku ulipoingia ua wetu ukajaa picha
ambazo hakuna mkono uliozichora.

Cha makaburini kimegeuka kimia,
tundu ndani ya tundu, bibi harusi angekiomba.
Cha tramu kina doa la kahawia lenye mikono mingi
na mstari wa vitobo, kana kwamba kondakta alipita akikagua tiketi.
Cha shule hakipo:
inaning'inia namba nne, nyekundu, hewani,
na nyuzi nyeupe tatu za kuvu
zimejipachika pale pamba ilipokuwa.

Leokadia alisoma kwa vidole.
"Huyu kala mshindio, mtande kauacha. Mvivu.
Huyu hapa fundi."
Bogna akamtajia majina: nyungunyungu, utitiri,
vidudu virukavyo vidogo kuliko nukta,
na wengine wasiopewa jina bado, wanaoishi
chini ya viatu vyetu bila kulipa kodi.

Nami nikatafuta changu.
Cheupe. Kizima. Pindo limenyooka,
ungekitandika mezani ukampakulia askofu.
Nikatoa kifua mbele,
nikangoja mtu aseme, tazama, usafi ule.

Watu walifika pale wakashusha sauti.
Walisimama kama mtu asimamavyo
mbele ya kitanda kilichotandikwa
cha mtu asiyerudi.
Mtoto mmoja akamuuliza mamake:
"Hapa hakuna mtu?"

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.
Bogna alikikunja taratibu, akaniachia.
Kiko kwenye droo pamoja na funguo.

Siku hizi ufagio unaishia hatua mbili kabla ya mlango.
Oktoba majani yalianguka, nikayaacha, mikono ikiniwasha.
Chama cha wapangaji kimeleta barua, ya pili sasa.
Leokadia kanipa foronya yake, pamba tupu,
imechakaa mahali kichwa chake kilipolala,
nimeizika bila namba.

Wapangaji wanauliza, haya majani ya nini?
Nawaambia nimewaandalia wageni.
Wanauliza wamefika?

Bado, nasema.
Pitieni upande ule.